Maji ya Rejeta Yalikuwa Yanakwenda Wapi?

KRRRAAAK!

Hivyo ndivyo injini ilivyolia kabla ya kukata roho.

Usukani ukawa mzito ghafla. Nikaung'ang'ania kwa mikono miwili, gari likateleza, likapiga ukuta wa theluji pembeni mwa barabara, likatulia.

Kimya...

Nje ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Saa moja na nusu asubuhi. Msitu kushoto, msitu kulia, simu haina mtandao hata kidogo. Na kiti cha pembeni amekaa mama yangu, miaka sabini na nne, figo zote mbili zimekufa, na tayari kakosa mashine ya kusafisha damu mara mbili ndani ya wiki tatu.

"Dale," nikasema huku meno yanagongana. "Dale ametuua."

Dale ni mdogo wangu wa tumbo moja. Fundi wa magari. Ndiye aliyeniapia kwamba gari ni zima.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, asubuhi ile nilikuwa tayari kumpeleka mdogo wangu jela. Sitanii. Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa Karlene. Tunakaa nje kidogo ya Ontonagon, kaskazini kabisa mwa Michigan. Kituo cha figo kiko Houghton, maili hamsini. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Miaka minne mfululizo. Dereva ni mimi.

Gari lilikuwa la marehemu baba, Reino. Sedani ya mwaka tisini na nane. Kampuni siitaji, sina ugomvi nayo. Baba aliipenda ile injini kuliko alivyowahi kukiri kwamba anampenda mtu. V6, CC 3,800, nguvu za farasi mia mbili na tano, bloku ya chuma kizito, vali kumi na mbili tu.

"Haina madoido hii," alikuwa anasema akiipigapiga. "Ndiyo maana haifi. Itafika maili laki tatu."

Ilikuwa imefika laki mbili na elfu kumi na nne.

Lakini injini zile zina ugonjwa wao, na kila fundi wa huku anaujua. Juu, pale hewa inapoingilia, pana manifoldi ya plastiki. Plastiki ikizeeka inapasuka. Gasketi za chini yake zinalika. Maji ya rejeta yanaanza kuvuja kwa ndani... chini ya gari huoni hata tone! Yanaingia kwenye silinda, yanaingia kwenye oili, polepole, mpaka siku injini inanoki, inakwama kabisa, ukiwa mbali na nyumbani.

Kwa hiyo Januari maji yalipoanza kupungua, nilijua ni ule ugonjwa. Nikampelekea Dale.

Akakaa nalo siku tatu. Akalirudisha.

Baada ya wiki... maji yamepungua tena!

Nikamwita nyumbani. Akaja, akafungua boneti, akachungulia kwa tochi, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichomeka, akakichomoa tena.

"Dada, nimebadilisha kila kitu. Manifoldi mpya. Gasketi mpya, zile zenye fremu ya bati. Hata vile viwiko vya plastiki vya kupitishia maji, nimetoa vyote."

"Sasa mbona yanapungua?"

"Angalia oili. Maji yangekuwa yanaingia humu, ingekuwa kama chai ya maziwa. Hii ni safi. Na moshi mweupe nyuma hamna."

"Dale, nimekuuliza. Yanakwenda wapi? Nani anayakunywa?"

Akageuza macho kuelekea dirisha la jikoni, ambako Mama alikuwa amesimama anatutazama. Kisha akafunga boneti taratibu.

"Nitalicheki tena," akasema.

Mimi nikaona anakwepa swali. Nikajua nimemshika!

"Umeweka vifaa vya jalalani wewe! Unatuibia sisi ndugu zako?"

"Karlene..."

"Mama yako mzazi anapanda gari hili!"

"Najua nani anapanda gari hili," akasema kwa sauti ya chini sana. Akaondoka bila hata kunywa kahawa.

Mara mbili mwezi ule tulishindwa kusafiri. Nawasha gari, naliacha lipate moto, hita inapuliza ubaridi mtupu. Nafungua boneti... rejeta tupu. Tunarudi ndani. Nampigia muuguzi, ananigombeza kama mtoto: akikosa mara ya tatu sumu itapanda kwenye damu, moyo utasimama.

Na Mama? Siku zile alikuwa mchangamfu ajabu! Alioka nisu, ule mkate wetu wa Kifini wa iliki, akanipaka siagi mwenyewe. Nikasema moyoni, masikini, anajikaza ili nisihuzunike.

Sasa, asubuhi yenyewe.

Mama alisimama mlangoni na koti lake, mkoba kifuani.

"Karlene, leo tusiende."

"Mama, panda gari."

"Gari lenyewe ni gonjwa."

"Nimejaza maji mwenyewe jana jioni. Funga mkanda."

Sikufungua boneti asubuhi ile. Nakiri mbele yenu. Na ile taa ya maji kwenye dashibodi, ilikuwa imewaka mara nyingi mpaka ikanichosha, nikaibandika plasta nyeusi. Kwa mkono wangu huu.

Maili ya kumi, hita ikaanza kupuliza baridi.

Nikatazama geji ya joto. Mshale uko chini kabisa. Nikasema, ni hali ya hewa hii, au termostati imekwama wazi. Nikakanyaga mafuta.

Wapendwa, kuna kitu sikukijua. Kile kipimo cha joto lazima kizame ndani ya maji. Maji yakiisha, kinapima hewa, na mshale unashuka. Injini ilikuwa inaungua... na geji inaniambia imepoa!

Maili ya kumi na tano nikasikia harufu. Tamu, kama sukari iliyoungua. Kisha kugonga, tak tak tak tak...

Kisha ule mlio niliowaambia.

Nilimfunika Mama kwa mablanketi mawili niliyokuwa nayo. Pumzi zetu zikaanza kuganda kwenye vioo, kwa ndani.

"Tukitoka hapa namfungulia mashtaka," nikasema. "Sina mdogo tena. Hata kwenye mazishi yangu asije."

"Usimguse Dale."

"Mama, usiongee. Tunza joto."

"Karlene. Ni mimi."

Sikuelewa.

"Ni mimi ninayetoa maji."

Nikageuka nikamtazama. Nilidhani baridi imeshampanda kichwani.

"Kuna ile pampu ya mkono ya baba yako, ya kuvutia mafuta. Alfajiri injini ikiwa baridi nashuka gereji, nafungua kifuniko cha rejeta, navuta. Madumu yako chini ya nyumba, nyuma ya viazi."

"Mama... wewe?!"

"Miaka arobaini nimemshikia baba yako tochi. Unadhani rejeta siijui?"

"Ulitaka kutuua?!"

Hapo akaanza kulia. Mama yangu, ambaye hata baba alipokufa sikuliona chozi lake.

"Nilitaka lifie uani, mwanangu. Uani tu. Wewe huwa unafungua boneti. Mara zote mbili ulifungua. Leo hukufungua... na mimi nilishakaa hapa, nikashindwa kusema."

"Lakini kwa nini?"

"Nimechoka. Nikitoka kwenye mashine ile nalala mpaka kesho yake. Nikiamka, kesho ni siku ya kurudi. Miaka minne, Karlene. Wewe umeacha kazi kwa ajili yangu. Ningeanzia wapi kukuambia sitaki tena?"

"Ungesema, Mama! Ungesema tu!"

"Nimesema. Mara ngapi nimekuambia leo tusiende?"

Ilikuwa kila wiki. Wakati mwingine mara mbili kwa wiki. Na kila mara jibu langu lilikuwa lilelile, funga mkanda.

Midomo yake ikaanza kugeuka buluu. Maneno yakaanza kumkwama. Nikamvua glavu, nikaingiza mikono yake ndani ya nguo zangu, kwenye ngozi ya tumbo. Ilikuwa kama mawe. Nikamlalia nimfunike na mwili wangu wote, nikimwita jina kila alipofumba macho.

"Aune! Aune Niskanen! Usilale!"

Dakika arobaini.

Nilikuwa nimeshaacha kusikia miguu yangu lori la kusukuma theluji lilipotokea kwenye kona. Dereva, jibaba moja lenye ndevu, alishuka, akavunja barafu ya mlango wetu kwa teke.

"Nyie wanawake mna wazimu? Hali hii na gari hili? Leteni bibi huku!"

Akambeba Mama kama mzigo wa kuni, akamweka mbele ya hita ya lori lake, akatufikisha mpaka kituo cha figo.

Dale alifika saa tano, muuguzi alikuwa amempigia. Alikuwa ameshaliona gari njiani. Nikamkuta kwenye korido, kofia mkononi, macho mekundu.

"Dale, nisamehe. Mama ameniambia. Siyo wewe, ni..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua tangu Januari."

Ndugu zangu, nikamkamata koti kwa mikono miwili!

"Tapu ya chini ya rejeta, ile ya kumwagia maji, ilikuwa imelegezwa kwa mkono," akasema. "Na kwenye chuma pale palinasa uzi wa sufu wa glavu yake. Nikamuuliza. Akanishika mikono, akalia, akaniahidi harudii. Nikaifunga ile tapu kwa waya. Sikujua ataanza kutolea juu."

"Ukaniacha nikutukane? Nikuite mwizi?"

"Ungemfokea, dada. Nikaona bora unifokee mimi."

"Tungekufa, Dale!"

"Najua," akasema, akakaa chini sakafuni akaficha uso. "Najua."

Mchana ule daktari alikuja, mama mmoja mpole. Akavuta kiti karibu na kitanda.

"Aune, wewe mwenyewe unataka nini?"

Mama kabla ya kujibu akanitazama mimi. Kama mtu anayeomba ruhusa.

Ule mtazamo sitausahau.

"Sema, Mama," nikamwambia. "Usinitazame mimi. Sema."

Akasema.

Tulijadiliana wiki nzima. Daktari alitueleza njia nyingine zote, hata mashine ya nyumbani. Mama alisikiliza yote, akashukuru, akakataa. Dale alikasirika siku mbili, kisha akaja na shada la maua na machungwa kilo tatu. Mama alikuwa amekatazwa machungwa miaka yote minne. Aliyala mpaka maji yakamtiririka mikononi, anacheka.

Aliishi siku kumi na sita bila mashine. Alifariki Jumatano mchana, kitandani kwake, sisi wawili tumemshika.

Baada ya mazishi Dale alifungua ile injini. Pistoni zimeng'ang'ania kwenye silinda, silindahedi imepinda. Lakini zile gasketi alizoniwekea zilikuwa nzima, kavu, hazina hata mkwaruzo. Aliziweka mezani mbele yangu.

Niliyempigia kelele mwezi mzima alikuwa amefanya kazi safi.

Nilifungua boneti ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilipima oili, nilipiga magoti kwenye theluji kutafuta tone chini ya gari, niliuliza mafundi watatu kwa simu. Mtu aliyekaa kiti cha pembeni sikumuuliza hata mara moja.

Kama na wewe unamuuguza mtu, usimalize kusoma hapa ukaenda kwenye posti nyingine. Nenda kaa naye. Muulize anataka nini.

Halafu nyamaza mpaka amalize.