Mkanda wa Trekta la Babu Urho

Jumamosi ilikuwa siku ya kuwasha sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke, na kazi ya kuingiza kuni ilikuwa ya Senja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na aliipenda kazi hiyo kuliko kuosha vyombo. Lakini Jumamosi hiyo aliamka mapema kuliko kawaida, akawasha moto wa sauna bila kukumbushwa, kisha akakimbilia jikoni huku kofia imemkaa upande.

"Babu! Theluji imefika dirishani!"

"Nimeiona. Unadhani macho yangu ni mapambo?" alijibu Babu Urho, baba wa baba yake, akimalizia kahawa.

Siku hiyo mama na baba yake Senja walikuwa wanarudi kutoka hospitali ya mji wa Hancock na mtoto mchanga. Senja alikuwa amemngojea mdogo wake huyo tangu kiangazi, na furaha haikumpa nafasi ya kukaa chini. Tatizo lilikuwa njia. Kutoka nyumbani mpaka barabara kuu palikuwa mbali, na theluji ilimfika mtu mzima kiunoni. Mama alikuwa amejifungua kwa upasuaji, asingeweza kupita humo kwa miguu. Redio nayo ilisema dhoruba nyingine ingeingia jioni. Njia isipofunguliwa mapema, wangebaki mjini, na hakuna aliyejua wangerudi lini.

"Sasa tutafanyaje?" aliuliza Senja.

"Trekta lipo la nini?" alisema Babu, akavaa koti.

Lilikuwa trekta dogo, na mbele yake ilifungwa mashine ya kurushia theluji. Babu akaliwasha, visu vikazunguka, na theluji ikaanza kuruka juu. Senja akashangilia. Hawakwenda mbali. Mashine ilipiga kelele kali, visu vikasimama, ingawa injini ya trekta iliendelea kunguruma. Babu alifungua kifuniko akatoa mkanda unaozungusha visu. Ulikuwa umeliwa pembeni na nyuzi zake zinaning'inia kama ndevu za mbuzi.

"Mkanda umekwisha, na namba za ukubwa wake zimefutika," alisema Babu. "Sasa nisikilize vizuri. Huu wa zamani usiupime. Umelegea kwa uzee, kama mimi. Chukua kamba, lala chini, ipitishe kwenye puli zote, yale magurudumu ya mkanda, mpaka irudi ilipoanzia, halafu ikate hapo. Ukimaliza, ipeleke dukani kwa Arvid. Ningepima mwenyewe, lakini nikilala chini magoti haya hayataniinua tena. Mimi napanda kupunguza theluji juu ya paa la sauna."

Senja alilala chini ya trekta. Baridi ilipenya koti ikafika mgongoni. Chuma kilimuuma vidole hata ndani ya glavu. Kamba ikachomoka kwenye puli ya tatu. Akairudisha, ikachomoka tena.

"Mkanda si huu hapa?" alijiambia. "Kamba ya nini?"

Mkanda wenyewe ulikuwa umeganda na kujipinda. Kwa hiyo aliupeleka ndani ya sauna, akautundika kwenye msumari wa taulo ili ulainike kwa joto. Ulipolainika bado ulikuwa umejikunja, basi akaning'iniza humo ndoo ya maji, imejaa pomoni. Mkanda ukanyooka sawasawa! Senja akajiona fundi. Akapitisha kamba juu ya mkanda, akaikata. Mtu asiye na sauna asingekosea hivyo. Ujinga huo ni wetu sisi wa huku.

"Umepima?" Babu aliita kutoka juu ya paa.

"Nimepima, Babu!"

"Kwenye puli?"

"Ndiyo, kwenye puli!" Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Alivaa skii zake, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, akateleza hadi njia panda, kwenye duka la vipuri la Mzee Arvid. Mzee huyo alikuwa rafiki wa Babu na mtani wake. Aliinyoosha kamba ya Senja akakunja uso.

"Kwa trekta la Urho? Mbona ndefu hivi? Una hakika umepima kwenye puli?"

"Nina hakika."

"Haya. Kamba ikishasema, mimi ni nani nibishe?" Alishusha mkanda mmoja kutoka ukutani. "Mwambie mama yako huyo mtoto aitwe Arvid."

"Babu anasema jina hilo lina kutu."

"Kutu anayo yeye kwenye magoti!" Mzee Arvid alicheka, na Senja akaondoka mbio.

Babu alifunga mkanda mpya. Springi ilivuta puli ya kukazia mpaka mwisho, lakini mkanda ulibaki umelegea. Akajaribu hivyo hivyo. Mashine ikapiga kelele, moshi ukatoka, harufu ya mpira ikajaa, kisha mkanda ukaruka ukaangukia kwenye theluji.

Babu aliwaka kwa hasira. "Arvid! Mzee mzima ananipa mkanda wa kufungia ng'ombe! Leo ndiyo anaamua kunichezea, siku mjukuu wangu anakuja nyumbani? Leo atanitambua!" Akatoa simu mfukoni, lakini kabla hajabonyeza kitu ikalia. Alikuwa baba yake Senja.

"Baba, tumeshatoka hospitali. Njia iko wazi?"

Babu aliitazama theluji. "Endesheni polepole," alisema, akakata.

Kisha akaanza kutafuta namba ya Mzee Arvid. Senja aliogopa hasira ya Babu, lakini aliona aibu zaidi kwamba mtu asiye na kosa angetukanwa kwa ajili yake.

"Babu, usimpigie! Si kosa la Mzee Arvid. Ni langu." Akaeleza yote: baridi, msumari wa taulo, na ndoo.

Babu alishusha simu.

"Ndoo?"

"Ndiyo, Babu."

"Ilikuwa na maji?"

"Imejaa."

Masharubu ya Babu yalitikisika, na Senja hakujua kama ni kwa hasira au kwa kicheko.

"Tutaongea baadaye," alisema Babu. "Sasa rudi chini."

Safari hii Babu alishikilia puli ya kukazia, na Senja akapitisha kamba. Vidole vilipokufa ganzi alivipasha joto kwapani, akaendelea. Kamba ilichomoka, akairudisha. Ikachomoka tena, akairudisha tena, mpaka ikazunguka puli zote. Waliilinganisha na ile ya kwanza: ilikuwa fupi kwa shubiri nzima.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo Senja aliiteleza mara mbili. Alipoingia dukani hakungoja kuulizwa.

"Mzee Arvid, nilikudanganya. Sikupima kwenye puli. Nilipima mkanda wa zamani, tena nilikuwa nimeuning'inizia ndoo ya maji. Nisamehe."

"Ndoo ya maji!" Mzee Arvid alishika kiuno. "Nauza mikanda tangu sijaota mvi, hiyo sijawahi kuisikia." Alichukua kamba mpya, akailinganisha na mikanda ukutani, mmoja baada ya mwingine, huku Senja akihesabu pumzi zake. Mwishowe akachomoa mmoja uliovishwa kitambaa kigumu. "Huu. Tena ndio wa mwisho. Jumamosi ijayo uje na koleo unisafishie mlango. Haya, ruka!"

Senja aliruka kweli, mpaka nyumbani. Babu akavisha mkanda kwenye puli, akaachia springi, nayo ikakaza, tak! Mashine ikanguruma kwa sauti nzito, theluji ikaruka kuliko mwanzo. "Inakula, Babu! Inakula!" Senja alipiga kelele, akikimbia nyuma ya trekta na kuwapungia mikono hata misonobari. Walifika kwenye sanduku la barua, pale njia inapokutana na barabara kuu, gari la baba likiwa linapunguza mwendo barabarani. Likakunja kona likaingia moja kwa moja, na Senja akalikimbiza hadi mlangoni akicheka na kulia kwa pamoja.

Jioni, dhoruba ilipoanza kuvuma nje, mtoto alikuwa amelala karibu na jiko. Babu alimwita Senja pembeni.

"Mkanda mbaya ungetuchelewesha tu," alisema. "Uongo ulikuwa karibu kunigombanisha na rafiki wa miaka yote. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, tutasaidiana. Mimi siwezi kusaidia kitu ambacho umeniambia kimeshafanyika. Leo umesema ukweli ukiwa unaogopa, na ndiyo maana huyu mdogo wako amelala kwake."

"Nimeelewa, Babu."

Simu ikalia. Alikuwa shangazi, na alitaka kujua habari zote za mtoto.

"Ana urefu gani?" aliuliza.

Senja alifungua mdomo kujibu, akaufunga.

"Sijui, Shangazi. Sijampima," alisema. "Subiri nichukue kamba."

"Ndoo uiache!" alisema Babu.