Wezi wa Kazi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alikuwa wa kwanza kufika katika chumba cha kompyuta. Alifuta vumbi la skrini kwa mkono wa sweta, akavuta kiti, akaanza kuzungumza kabla hajaketi. Ndiyo maana wenzake walimbandika jina hilo. Kando yake aliketi Mrefu, msichana ambaye miguu yake haikutosha chini ya meza yoyote, rafiki yake tangu darasa la kwanza.

Muhula huo hawakuwa kundi moja. Mwalimu wa kompyuta, mama mpole aliyependa kujibu swali kwa swali, alimpa Mrefu kundi la Nyuki, na Chiriku kundi la Siafu. Ijumaa wazazi wangekuja kuona kazi zao kwenye kompyuta moja. Kila kundi lingefungua dirisha jipya la kuandikia amri na kuweka jina lake kwa faili fupi la amri. Kisha lingewasha programu ya mwalimu, nayo ingelisoma jina hilo na kuwakaribisha wageni. Programu isipoona jina lolote hutumia la mfano, yaani la Nyuki. Hilo mwalimu alilieleza siku ya kwanza, Chiriku akiwa anapiga soga.

Jumatano Chiriku aliandika faili lake, akaliendesha. Kompyuta haikulalamika. Akawasha programu, na skrini ikaandika: "Karibuni. Kazi hii ni ya kundi la Nyuki."

Akajaribu tena. Nyuki. Akafuta, akaandika upya. Nyuki walewale. Alipogeuka alimwona Mrefu akicheka na mwenzake. Hakusikia walichokicheka, lakini hasira haihitaji ushahidi mwingi. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona. Akagonga meza na kutoka.

Nyumbani alimkuta mama yake, fundi cherehani, akipinda suruali ya mteja.

"Ijumaa nafunga duka," mama alisema. "Kila siku kompyuta, kompyuta. Na mimi nikaone."

Maneno hayo yalichochea moto. Mama afunge duka aje kusoma jina la Nyuki? Chiriku alikula, na moyoni akaapa kwamba Mrefu atalipa, na atalipa mbele za watu.

Alhamisi alingoja chumba kiwe kitupu. Lipo faili ambalo kompyuta hulisoma yenyewe kila dirisha la amri linapofunguliwa. Chiriku alilifungua kwenye kompyuta ya Ijumaa, akaongeza mstari mmoja tu: jina la kundi liwe Wezi wa Kazi. Nyuki ndio wangeanza. Waanze basi, wazazi wao wasome. Alijihisi mtamu kama mtu aliyeficha pipi mdomoni. Halafu aliandika upya faili la Siafu, akalihifadhi kwenye flashi yake ili Mrefu asiliguse. Aliamini hilo jipya lingeliondoa jina la Wezi zamu yake ikifika. Kengele ikalia kabla hajalijaribu.

Ijumaa chumba kilijaa wazazi. Mrefu alifungua dirisha, akaandika amri yake, akawasha programu. "Karibuni. Kazi hii ni ya kundi la Nyuki." Makofi yakapigwa. Chiriku akaduwaa. Mtego haukunasa.

Ikaja zamu yake. Kule nyuma mama yake alisimama ili aone vizuri, pini mbili zikiwa bado zimechomekwa kwenye gauni lake. Chiriku alifungua dirisha jipya, akaliendesha faili lake, akawasha programu.

"Karibuni. Kazi hii ni ya kundi la Wezi wa Kazi."

Baba mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Siafu wenzake walimkodolea macho. Mama yake akaketi polepole.

"Nani ameandika haya?" mwalimu aliuliza.

Chiriku angeweza kumtaja Mrefu, na pengine angeaminika. Lakini mama alikuwa anamtazama.

"Ni mimi," alisema. "Niliwategea Nyuki. Nilidhani Mrefu ameharibu faili letu."

"Mimi?" Mrefu alisema. "Sijawahi kuligusa. Juzi uligonga meza ukaondoka. Si ungeniuliza?"

"Faili lako uliliendeshaje?" mwalimu alimuuliza Chiriku.

"Niliandika jina lake tu."

"Na wewe, Mrefu?"

"Nilitanguliza nukta na nafasi, halafu jina la faili."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. "Ukiita faili la amri kwa jina lake tu, kompyuta huliendesha katika chumba kipya cha pembeni. Jina la kundi huandikwa ukutani humo, na kazi ikiisha chumba hubomolewa pamoja na ukuta wake. Ukitanguliza nukta, faili husomwa humuhumu ulimo, na jina hubaki. Jina la Siafu halikuibwa, Chiriku. Liliandikwa kwenye chumba kilichobomolewa. La Wezi uliliandika mahali ambapo kila dirisha hulisoma, ndiyo maana lilikungoja."

Chiriku aliufuta mstari wake wa kisasi, akafungua dirisha jipya. Akaandika nukta, nafasi, jina la faili. Akawasha programu. "Karibuni. Kazi hii ni ya kundi la Siafu." Makofi yalikuwa machache, naye aliyapokea yalivyo.

Mlangoni mama alimshika bega.

"Uzi ukinikatikia, natazama kwanza nilivyoutunga," alisema. "Ningekuwa naanza kwa kumshuku jirani, ningeshagombana na mtaa mzima, na suruali ya watu haijashonwa. Umeaibika leo kwa mkono wako mwenyewe. Hasira hasara, mwanangu. Jambo likikushinda, uliza. Na ukimkosea mtu mbele za watu, usimwombe radhi kwa mbali."

Mrefu alikuwa kwenye benchi la nje, uso umemvimba kwa kulia. Chiriku alimwendea. Mrefu alikunja miguu yake mirefu ili mwenzake apate pa kuketi. Chiriku akaketi, akaomba radhi kwa maneno machache, kisha akanyamaza amsikilize.