Askari wa Karatasi

Namtanguliza Mola, Mjuzi wa yaliyomo vifuani, asiyehitaji kumtazama mja usoni ili ajue alichokificha. Kwake naomba ulimi usiomdhulumu mtu. Baada ya hayo, enyi vijana, wajueni kwanza watu wa kisa hiki, kila mmoja na mahali pake.

Katika mtaa wa Nyasubi, mjini Kahama, miaka ya tisini, palikuwa na duka la Bwana Rehmat. Upande mmoja aliuza vitambaa. Upande wa pili, nyuma ya dirisha la nondo, alinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo. Gulnaz alikuwa bintiye. Barazani alikaa Fundi Abdulshakur na cherehani yake. Samia, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa binti wa fundi huyo, na Shaaban, mtoto wa dada yake fundi, alilelewa katika nyumba hiyo hiyo. Wa mwisho ni Paskalia, aliyetoka Mwakitolyo, penye machimbo ya dhahabu, kuja kusoma mjini, akaishi kwa shangazi yake Serafina, aliyeuza dagaa ng'ambo ya barabara.

Kila siku watoto hao wanne waliporudi shuleni, wakala na kuosha vyombo, walikutana barazani kucheza mchezo ambao Gulnaz alifundishwa na bibi yake. Walikata vikaratasi vinne wakaviandika: Mfalme, Waziri, Askari, Mwizi. Vilikunjwa, vikarushwa juu, kila mmoja akaokota kimoja. Mfalme na Askari walijitangaza. Wawili waliobaki walificha karatasi zao, na kila mmoja alidai kwamba yeye ndiye Waziri. Kazi ya Askari ilikuwa kuuliza, kutazama nyuso na kumtaja Mwizi. Akikosea, Mwizi humnyang'anya pointi zake.

Samia alipenda sana kuwa Askari, hata wenzake wakambandika jina la Kamishna. Alikuwa na kanuni moja: mwenye hatia huangusha macho. Na yeye mwenyewe alipookota karatasi ya Mwizi, aliwakazia wenzake macho makavu mpaka wakamwamini.

Alasiri moja Samia alipata Askari. Waliobaki walikuwa Shaaban na Paskalia.

"Paskalia, wewe ni nani?"

"Mimi Waziri," alijibu Paskalia, akitazama sakafu.

"Mwizi huyu. Fungua."

Paskalia alifungua. Karatasi yake ilikuwa ya Waziri. Shaaban akacheka hadi akajishika mbavu.

"Kamishna umefukuzwa kazi leo," alisema.

Samia alikasirika, lakini hasira yake haikumwelekea Shaaban. "Kosa si langu," alisema. "Huyu hata akiwa Waziri ana sura ya mwizi. Kwa nini hutazami watu?"

"Kwetu hatumkodolei mtu macho akituuliza jambo," alijibu Paskalia taratibu.

"Kwenu wapi? Kwenye mashimo?"

Gulnaz alicheka kidogo. Paskalia aliokota kandambili zake akavuka barabara kurudi kwa shangazi yake.

"Unamwonea bure," alisema Shaaban. "Mimi ndiye mwizi wa kweli, na hujanikamata hata mara moja."

"Nitakukamata."

"Hata nikiiba kitu cha kweli, si karatasi?"

"Hata ukiiba shati la Baba akiwa amelivaa."

Maneno hayo yalimkaa Shaaban moyoni.

Siku chache baadaye gari la mizigo lilileta wachimbaji kutoka Mwakitolyo. Walijaa mbele ya dirisha la nondo wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, wakiongozwa na Theonest, mtu mrefu mwenye sauti nzito. Fundi Abdulshakur alikuwa amekwenda msikitini kuswali Alasiri. Watoto walikuwa wameingia ndani, mmoja baada ya mwingine, kunywa maji ya mtungi. Bwana Rehmat alipokaa kupima, alifungua kisanduku cha mawe ya mizani, akayapanga, akayapanga tena. Jiwe dogo kuliko yote, la shaba, halikuwemo.

"Subirini kidogo," alisema. "Jiwe moja silioni."

"Leo jiwe, kesho mizani nzima," alisema Theonest. "Tumetoka shimoni tangu jana, Bwana Rehmat. Utatupimia kwa macho?"

Wenzake walinguruma nyuma yake. Bwana Rehmat akajifuta jasho. "Kuna aliyeingia humu?"

"Hao watoto wako," alijibu mchimbaji mmoja. "Wameingia na kutoka kama nzi."

Bwana Rehmat aliwaita watoto, akawasimamisha mstari mmoja mbele ya wanaume wote wale. Hapo ndipo Samia aliposogea mbele. "Mjomba Rehmat, niache niwaulize mimi," alisema. "Mimi najua kumtambua mwizi."

Mtu mzima mwenye utulivu angemrudisha mstarini. Lakini Bwana Rehmat alikuwa amebanwa na zogo la wateja, naye akamwacha aulize.

"Shaaban, umechukua?"

Shaaban alimtazama moja kwa moja, bila kupepesa. "Sikuchukua."

"Gulnaz?"

"Niibe duka la baba yangu? Una wazimu?"

"Paskalia?"

Wanaume wazima walikuwa wamemzunguka Paskalia, baadhi yao wazee wa kijijini kwao. Alikunja magoti kidogo, kama afanyavyo binti aliyelelewa mbele ya wakubwa, akainamisha macho. "Sijachukua."

"Ni huyu," Samia alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mwizi ni huyu."

Theonest alimshika Paskalia mkono juu ya kiwiko akamvuta. "Toa." Mtu mwingine akauliza, "Huyu si binti wa Mama Paskalia wa pale kwa waosha mchanga? Kumbe ametumwa mjini kuiba." Neno mwizi likapita kutoka kinywa hadi kinywa. Dereva wa gari alipiga honi. Wachimbaji waliokuwa wamekwisha kuuza mahali pengine walikimbia wakapanda, na gari likaondoka nao kurudi Mwakitolyo.

Serafina alivuka barabara na harufu ya dagaa mikononi mwake. Hakumtazama Theonest. Alisimama mbele ya Samia.

"Ulimwona akichukua?"

"Macho yake, Mama Serafina. Ameyashusha."

"Sijauliza habari za macho yake. Nimeuliza ya kwako. Uliona?"

Samia aligeuka, akakutana na uso wa Shaaban, mkavu, usiopepesa, uso ule ule alioujua kutoka barazani. Moyo wake ukashtuka: *ni yeye*. Jina likamfikia mdomoni. Lakini alipotaka kulitamka, aligundua kuwa hata huyo hakumwona akichukua. Ulikuwa uso tu, kama ule wa Paskalia.

"Sikuona," alisema. "Nilikisia."

"Sema kwa sauti ile uliyomwitia mwizi."

"Sikuona kitu. Nilikisia tu."

Theonest hakumwachia Paskalia. "Basi tupekue baraza lote," alisema kwa ukali. "Hapa kuna mtu anatuchezea." Kwa mkono wake ulio huru alivuta droo ya cherehani, akamwaga vidonge vya nyuzi, akashika kopo la vifungo la Fundi Abdulshakur. Fundi mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anapanda ngazi, kofia yake ya swala ingali kichwani.

"Nini hiki?" aliuliza.

Kopo lilipoinamishwa, vifungo vilimiminika sakafuni, na katikati yake likaanguka jiwe dogo la shaba.

Kisha mtu mmoja akasema polepole, "Kumbe ni fundi." Theonest alimwachia Paskalia, akamgeukia Fundi Abdulshakur, na wanaume wawili wakaziba ngazi nyuma yake.

"Mjomba hajui," alisema Shaaban. Ukavu wote wa uso ulikuwa umemtoka. "Ni mimi. Nililiweka humo ili Samia ashindwe kulipata koponi mwa baba yake mwenyewe. Nilitaka kulirudisha. Kisha wakaanza kumvuta Paskalia, nikaogopa."

Bwana Rehmat aliokota jiwe lake kwa vidole viwili. Serafina alimvuta Paskalia kwake, akaupandisha mkono wa gauni lake. Alama za vidole zilikuwa nyekundu.

"Theonest," alisema, "watoto wamecheza mchezo wa kijinga. Wewe ulikuwa unacheza nini?"

Theonest aliutazama mkono ule. "Nisamehe, binti," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu asiyezoea neno hilo, akarudi dirishani.

Fundi Abdulshakur hakupiga mtoto. Aliketi, akaanza kuokota vifungo vyake, na alipozungumza hakuwatazama wale wawili. "Shaaban, nimekuwa mwizi kwa muda wa kupanda ngazi tatu, na nimeionja aibu yake. Paskalia ameionja kwa muda mrefu zaidi, na aliyempa ni binti yangu. Samia, ungepewa nafasi ya kukisia mara ya pili, ungemtaja nani?"

Samia aliinama akaanza kuokota vifungo pamoja naye.

"Mwombe radhi."

"Nisamehe, Paskalia. Nilikosea mbele ya watu wote."

"Mimi na mtoto tumesikia," alisema Serafina kabla Paskalia hajafungua kinywa. "Waliopanda gari je? Wao wameondoka na neno mwizi. Hilo la nimekosea hawakulibeba."

Ilipofika Jumamosi, Fundi Abdulshakur alifunika cherehani yake, akawachukua Samia, Shaaban, Paskalia na Serafina hadi Mwakitolyo. Walimkuta Mama Paskalia akitwanga mawe kwenye kinu cha chuma, peke yake, mbali kidogo na wanawake wenzake.

"Mmekuja kuniambia nini ambacho sijaambiwa?" aliuliza bila kuacha kutwanga. "Tangu gari lile lifike, wenzangu wanaficha makarai yao ya kuoshea mchanga nikipita."

Fundi aliomba wanawake wasogee, wakasogea kwa shingo upande. Shaaban alitangulia, akaeleza alivyolichukua jiwe na alivyonyamaza. Kisha Samia akapiga magoti kwenye kifusi.

"Shikamoo, Mama."

Mama Paskalia hakuitikia.

"Mimi ndiye niliyemwita Paskalia mwizi," alisema Samia. "Sikumwona akichukua kitu, kwa sababu hakuchukua. Niliona ameinamisha macho, nikasema ni hatia. Mwanao ni mwaminifu. Mwongo ni mimi."

Alitaka kuinua uso, asiweze. Alitazama mikono yake, na vumbi jeupe la mawe, na miguu ya wanawake waliomzunguka.

Mama Paskalia alisimamisha mchi. "Mnamwona huyu?" aliwauliza wenzake. "Macho yake yako chini. Tumfunge? Kaiba nini?"

Mwanamke mmoja akaweka karai lake chini, mahali pa wazi.

"Inua uso, mwanangu," alisema Mama Paskalia, na sauti yake haikuwa laini. "Sasa unajua. Macho hushushwa na heshima, na hofu, na aibu, na uchovu wa kazi. Mwenye kuiba anaweza kukutazama mpaka uone haya wewe. Katika mchezo wenu ukikosea unapoteza pointi zako. Nje ya mchezo ukikosea, anayepoteza ni mwingine. Usimtaje mtu kwa kosa ambalo hukuliona, na ukishamtaja kwa uongo, lifuate neno lako kila lilikokwenda, hata kama ni mbali na kuna jua. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Marahaba," alisema Mama Paskalia, akaitikia salamu aliyoiacha mwanzoni.

Paskalia hakurudi tena kwenye mchezo wa karatasi, na haikuwa haki kumlazimisha. Lakini kila jioni Samia alivuka barabara kumsaidia Serafina kufunika dagaa, na baada ya muda wasichana wale wakaanza kufanya hesabu za shule kwenye meza ile ile. Bwana Rehmat alikifungia kisanduku chake kwa ufunguo, na Shaaban alifagia baraza lile muhula mzima bila kuambiwa.

Ewe Mola, warehemu waliokwisha kutangulia miongoni mwao. Na waliobaki, wa Nyasubi na wa Mwakitolyo, wa madukani na wa mashimoni, wahifadhi na dhana za wenzao, na uwahifadhi wenzao na dhana zao. Amina.