Hasira za Daktari Justina

Treni kutoka Tabora iliingia stesheni ya Shinyanga saa nne asubuhi, imechelewa tangu alfajiri. Wauza karanga na wapagazi wakayavamia mabehewa. Justina Mihayo alishuka na sanduku lake la bati, gauni la bluu limekunjamana, kichwa kinamgonga kwa usingizi.

Kijana mrefu mwenye shati la maua na suruali ya bugaluu alikuwa akihangaika huku na huko, akimchungulia usoni kila mwanamume mwenye miwani. Mwishowe akamjia yeye.

"Samahani, dada. Hukumwona daktari humo ndani? Nimetumwa na Hospitali ya Nyamhela kumpokea."

"Daktari gani?"

"Dokta J. Mihayo. Nadhani ni mtu mzima kidogo."

"Ana miaka ishirini na tisa. Beba sanduku lake."

Kijana akacheka. "Usinitanie, dada, nitafukuzwa kazi."

"Ukizidi kunisimamisha juani utafukuzwa kweli."

Ndivyo alivyokutana na Fikirini, dereva wa hospitali. Njiani aliomba radhi mara kumi. Ya kumi na moja Justina akashindwa, akacheka.

Mwaka ule wa 1974 wanawake waliosomea udaktari nchini walikuwa wa kuhesabika, na Nyamhela hawakuwahi kumwona hata mmoja. Wagonjwa walimwuliza, "Nesi, daktari anakuja saa ngapi?" Mganga Mkuu, Bwana Donatus, alimpa kliniki ya watoto na kumfungia mlango wa chumba cha upasuaji. "Kule kunataka mkono wa nguvu, binti," alisema. Binti! Justina alikuwa amepasua wagonjwa mwaka mzima kabla ya kuja. Aliyameza hayo kila siku, yakamchoma kama pilipili.

Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumtapikia hayo. "Tukana, daktari wangu," Fikirini alimwambia wakiwa garini. "Nimeshapandisha vioo." Na alipopeleka gari matengenezoni Mwanza, alipiga simu hospitali kila siku.

"Daktari, naumwa."

"Wapi?"

"Kifuani, upande wa kushoto. Dawa yake wanasema iko Nyamhela, imevaa koti jeupe."

"Pumbavu wewe. Rudi basi uje kutibiwa."

Watu walinong'ona: daktari na dereva, Mkatoliki wa Ushirombo na Mwislamu wa Kahama. Waache wanong'one, Justina alisema.

Mwaka wa pili, Bwana Donatus akiwa mkutanoni Mwanza, alikuja mwanamume kwa baiskeli kutoka machimbo ya dhahabu, amelowa jasho. Mkewe, Philomena, alikuwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili, mtoto hatoki.

"Gari haliondoki bila saini ya mzee," Fikirini alikumbusha. "Ndiyo sheria yake."

"Na sheria yake inasema mama afe?"

"Mimi nimeuliza tu."

"Basi umejibiwa. Washa gari!"

Walirudi na Philomena saa tisa alasiri. Justina alidai ufunguo wa chumba cha upasuaji kwa sauti iliyomtetemesha mtunza stoo, na akapasua, Mama Serafina, nesi mkongwe, akimpa vyombo. Mtoto alipolia, bibi yake aliyekuwa nje akapiga kelele, "Mayu wane, mama yangu! Mwanamke mwenzetu amemtoa!"

Bwana Donatus aliporudi hakuuliza habari za mgonjwa. Aliuliza habari za gari. Kufika Ijumaa, Fikirini hakuonekana kazini. Valerian, karani wa ofisi, akamwambia Justina kwa sauti ya chini, "Dereva ameshaandika maelezo. Amekiri gari liliondoka bila ruhusa. Akasaini, akaenda kwao."

Justina alihisi masikio yanawaka. Alipiga simu Kahama, kwenye duka la Muhidini, mjomba wa Fikirini.

"Umesaini karatasi kuhusu safari ile?"

"Nimesaini, mpenzi, lakini ngoja—"

"Usiniite mpenzi! Wote wamenidharau hapa, na wewe ukaona usibaki nyuma?" Akakata.

Wiki mbili hakulala vizuri wala hakupokea simu. Kisha Bwana Donatus akamwita, ametabasamu. "Una bahati, binti. Dereva amebeba kosa lote. Anasema alichukua gari kwa shughuli zake, akamwokota mgonjwa njiani. Kazi imemponyoka, lakini wewe uko salama."

Justina aliichukua ile karatasi ya maelezo mezani, akaisoma mara mbili.

"Huu ni uongo," alisema. "Gari niliagiza mimi. Mgonjwa nilimfuata mimi, nikampasua mimi, na leo amerudi kwake na mwanawe. Nipe karatasi." Aliandika palepale, amesimama, kalamu ikitoboa meza.

Mkoani walimrudishia Fikirini kazi yake. Justina walimpa onyo kali na barua ya uhamisho, akaanzishe zahanati upande wa Geita, mahali pasipo na daktari yeyote. Aliikunja barua, akapanda basi la Kahama.

Alimkuta Fikirini gereji, amejilaza chini ya lori.

"Toka huko!"

Akatoka, uso umejaa grisi. "Justina! Nilitaka kukulinda tu..."

"Nani alikuomba? Umeandika kwamba sikufanya kitu! Maisha yangu yote watu wanasema sikufanya kitu, na wewe ukawaandikia na kuwasainia!"

Mafundi waliacha kugonga nyundo. Fikirini aliinamisha kichwa.

"Sikuliona hivyo," alisema. "Niliona watakufukuza, basi. Nimekukosea. Usiponisamehe, nitaelewa."

"Na mimi nimekukosea. Ulisema ngoja, sikungoja." Akamkazia macho. "Bado nina hasira."

"Naiona."

"Wamenipeleka Geita. Nimewaambia siendi bila gari, na gari halijiendeshi. Wamekubali dereva ahame, akitaka."

Fikirini akamwangalia. "Unanipa kazi au unaniposa?"

"Yote mawili. Jibu haraka, basi linageuza."

"Padri wako atasema nini? Na mjomba Muhidini?"

"Watasema wanachotaka. Kuna ndoa ya bomani."

Fikirini akafuta mikono kwenye suruali, akachukua shati lake msumarini, akamfuata kituoni akilifunga vifungo.