Kizibo Mwambani

Maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye ule mwamba yalikuwa vuguvugu. Asubuhi ya baridi, kivulini, juu kidogo ya ziwa, na maji yanatoka na joto la mwili wa mtu! Hilo peke yake lingewatosha watu wenye akili zao kupita kimya kimya na kwenda zao. Lakini aliyekuwa mbele ya msafara alikuwa fundi bomba, na fundi bomba akiona maji yanavuja, akili humruka.

Huyu ndiye aliyezidi. Wakialikwa harusini, yeye utamkuta chini ya sinki la wenyeji, suti na tai, anakaza nati. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alishachoka kuona aibu. Kaka wa mkewe alikuwa hamwachi kwa utani. Wa nne katika safari hiyo alikuwa binti yao wa pekee, mtoto waliyemsubiri miaka mingi hadi watu wakaacha kuuliza, na wakamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Matembezi yenyewe yalikuwa mepesi. Kuzunguka ziwa la hifadhi kwa miguu, kupiga hema ufukweni, kunywa chai, kulala. Mlinzi wa getini aliwaambia jambo moja tu: wasiguse wala wasibadilishe kitu chochote huko ndani. Fundi aliitikia kwa kichwa. Kama alisikia au hakusikia, mimi siwezi kumtetea.

"Ona njia ilivyo tope," alisema, akichuchumaa mbele ya tundu la mwamba, dogo kiasi cha kuingia dole gumba. "Mtu atateleza hapa avunjike kiuno."

"Shemeji, hata mlima nao umekupigia simu?" kaka wa mkewe alicheka.

"Dakika moja tu."

Akachonga kijiti, akakivisha kipande cha mpira wa baiskeli ambacho hakikosekani mfukoni mwake, akakigongomea tunduni kwa jiwe. Maji yakapungua. Ndipo humo ndani ikasikika sauti nyembamba, imekwamakwama, inapanda na kushuka.

"Baba, kuna mtoto analia humo."

"Ni hewa, Kasuku. Hewa ikinaswa kwenye bomba hulia hivyo hivyo."

"Analia, baba. Mtoe."

"Nimekwambia ni hewa!" Akagonga mara ya mwisho, kwa nguvu zaidi, na sauti ikakatika. Akajifuta mikono kwenye suruali, ameridhika kabisa na nafsi yake, wakaendelea na safari.

Hewa! Mtu mzima amesikia kilio kwa masikio yake mawili, akakipa jina la kazini kwake, akaenda kunywa chai.

Jioni, walipokwisha kuzunguka ziwa na kurudi ufukweni chini ya ule mwamba, hema likiwa limesimama na birika liko motoni, mkewe alianza kunusanusa. Alinusa blanketi, akanusa nguo za mtoto, akanusa hata kifua chake mwenyewe. Ilikuwa harufu ya maziwa ya mama yaliyochachia kwenye nguo, na mwanamke aliyewahi kunyonyesha haisahau harufu hiyo.

"Mnasikia harufu hii?"

"Mimi nasikia njaa, dada," kaka yake alijibu.

Lakini hata yeye aliacha kucheka ndege wa ziwani waliponyamaza wote kwa pamoja. Kutoka upande wa mwamba ikaja sauti ya mwanamke anayeita. Haikuwa na maneno. Ilikuwa ile sauti ya mama anayemwita mtoto aje kuoga, kwanza kwa upole, kisha kwa wasiwasi, kisha kwa namna ambayo iliwafanya watu wazima watatu wasogeleane bila kuambiana. Kasuku peke yake alikuwa akiendelea kusimulia habari za korongo aliyemwona, amesimama mguu mmoja, halafu yule korongo aka...

Akanyamaza katikati ya neno.

Akashika koo. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Mama yake alimpiga mgongoni, akamtia kidole mdomoni, hakuna kitu kilichokwama. Pumzi iliingia kwa shida, nyembamba, imekwamakwama, inapanda na kushuka, na fundi aliposikia mlio huo birika likamponyoka mkononi.

"Haikuwa hewa," alinong'ona.

"Unasema nini wewe?"

"Kule juu. Nimemziba mtu."

Mkewe alimtazama kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona katika ndoa yao yote. "Nenda ukamzibue," alisema polepole. "Mwanangu akifa, usirudi hapa."

Akakimbia na shemeji yake nyuma yake na tochi, giza linaingia, matawi yanawachapa usoni, na ile harufu ya maziwa yaliyochacha haikuwaacha, ilikuwa mbele yao na nyuma yao na ndani ya vinywa vyao, na kila walipovuta pumzi fundi alihesabu kuwa hiyo ni pumzi ambayo mwanawe huenda hakuipata, hadi wakafika mwambani, akapiga magoti kwenye njia iliyokuwa kavu kabisa, akakamata kile kijiti kwa koleo, na kijiti kikakataa, kwa sababu mti mkavu ukilowa huvimba, na yeye hajawahi katika maisha yake kuziba kitu kikavuja.

"Shemeji," sauti ya mwenzake ilitetemeka. "Vuta tu. Usigeuke nyuma."

"Kuna nini?"

"Nimesema usigeuke."

Kitu kilikuwa kikimpumulia kisogoni. Alivuta huku analia, kucha zikakatika, na mwisho kizibo kikachomoka. Maji yakatoka, safari hii ya baridi, baridi ya kuuma mifupa. Kisha kikateleza kutoka tunduni kitu ambacho macho hayakukiona, kikaangukia viganja vyake, chororo, kizito kama mtoto mchanga. Hakikujitikisa. Fundi akajikuta anakibembeleza. Kikabembelezeka hivi hivi, bila uhai, mpaka mikono mingine ikakichukua.

"Nilikwenda ziwani kuoga," sauti ya mwanamke ilisema sikioni mwake. "Nilimwacha amelala. Nimerudi, nimekuta mlango umegongomewa."

"Sikujua, mama. Wallahi sikujua."

"Binti yako alikwambia."

Fundi akainamisha paji la uso hadi kwenye maji. "Niue mimi," alisema. "Nakuomba, usimuue mwanangu."

"Nimuue mtoto? Mimi ninayejua uchungu wake?" Sauti ilikuwa tulivu sana. "Mtoto namtaka mzima."

Waliporudi kambini walimkuta Kasuku ameketi, anapumua vizuri, rangi imemrudia. Mama yake alikuwa amemkumbatia, anacheka na kulia kwa pamoja. Mtoto akajitoa mikononi mwake taratibu, kwa adabu, kama anavyojitoa mtoto kwa mgeni anayembana.

"Asante, shangazi," alisema. "Sasa inatosha."

Walirudi nyumbani. Akala, akaenda shule, akaongea kama zamani, ila nyumbani kwao aliishi kama mgeni. Walimwita mganga, bibi mmoja anayeogopwa na majini wenyewe. Alifukiza, akasoma, akamshika mtoto kichwa kwa muda mrefu, kisha akaanza kufunga mkoba wake.

"Mtoe, bibi!" mama alimshika miguu. "Mtoe huyo jini!"

"Nimtoe nani? Huyu hana jini ndani yake." Bibi hakuweza kumtazama usoni mwanamke aliyemshika miguu. "Huyu ana mama yake."

Usiku huo mama wa Kasuku aliingia chumbani kwa binti yake. Alimfunika vizuri, akampapasa shavu, akapiga moyo konde. Angeketi tu hapo kando, amwimbie, amwambie alivyomzaa, amwambie tena na tena mpaka akumbuke. Akavuta shuka na kuinama akae ukingoni mwa kitanda.

"Usikae hapo, shangazi," Kasuku alisema kwa upole. "Mama amekaa."