Maharage Machafu ya Faustina

Kisa hiki kilianzia soko la Uyole, asubuhi ya baridi ile ya kutia ganzi vidole. Faustina, kajifunga kitenge cha bluu juu ya sweta, alisimama mbele ya kijana mgeni aliyeleta maharage kutoka Iringa.

"Nipe machafu kuliko yote, kaka."

Kijana, jina lake Sosthenes, akacheka. "Dada, wenzako wanataka safi. Wewe unafuga mawe?"

"Nipimie tu, domo hilo!"

Tangu hapo ikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

Miezi mitatu ikapita kama siku tatu. Sosthenes akamwalika Iringa, Jumapili, wazazi wamwone. Faustina akakubali. Siku ilipofika hakwenda, na simu hakupokea.

Angesemaje? Mama yake, Bibi Lusia, alikuwa amesahau mengi, hata jina la binti yake. Majirani walinong'ona kwamba karogwa. Jumapili ile Faustina alimkuta kwenye barabara ya malori, eti anawahi kufungua meza yake sokoni, meza iliyokwisha kuvunjwa zamani. Kilichomtuliza ni kuchambua maharage tu, kama enzi zile alipokuwa akiuza, na Faustina mdogo kalala juu ya magunia akinusa vumbi tamu la mavuno. Kila alipomaliza, Faustina aliyachanganya tena na mawe yake, mama apate kazi ya kesho.

Jumatano Sosthenes akatokea mlangoni, koti la kijivu, uso umevimba kwa hasira.

"Niambie usoni kama umepata mwingine!"

Kisha akaona ungo, na mikono ya Faustina ikirudisha mawe kwenye maharage safi. "Mama amesahau mengi, hutulia akichambua tu," akasema Faustina. Hasira ikamwishia Sosthenes hapo hapo.

"Kumbe ndiyo maana ulitaka machafu."

"Niliogopa utanikimbia."

"Wewe mtoto wa nani?" akauliza Bibi Lusia kutoka ndani. "Kaa, usisimame kama mtoza ushuru!"

"Sosthenes, mama. Wa Iringa." Akakaa, akavuta ungo.

Punde tu: "Wewe mtoto wa nani?"

"Sosthenes, mama. Wa Iringa." Sauti ile ile, kama ndiyo kwanza anaulizwa.

Faustina akageuka kufuta machozi.

"Mpenzi, mara ya mwisho ulilala vizuri lini?"

"Sikumbuki."

"Nenda kalale. Tupo."

Alipoamka, jua lilikuwa limeinama. Uani mama alikuwa akicheka na jirani, kicheko kile cha sokoni, cha zamani. Ndani, Sosthenes alikuwa amechuchumaa penye ungo, anamwaga mawe juu ya maharage safi, anayachanganya taratibu.

"Ya kesho," akasema. "Na Jumapili tunakwenda watatu. Kwetu machafu yapo tele."