Kosa Lilikuwa kwenye Barafu

Kwa juisi, sina mpinzani. Mtaa mzima unaniita Bibi Juisi. Maji nayachemsha mpaka yatokote, nayapoza, nachanganya na embe, kisha natia barafu. Watu wanakunywa na kulamba midomo.

Juzijuzi watoto wanne walianza kuhara, mjukuu wangu akiwamo. Zahanati iliwapa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, pamoja na vidonge vya zinki, wakapata nafuu. Lakini macho yote yakanigeukia mimi. Jirani yangu, mama fundi cherehani, hakumung'unya maneno: "Ni juisi hiyo!"

"Juisi yangu? Haki ya Mungu, maji nachemsha!"

Nilifoka, lakini moyoni niliogopa. Juisi ikikataliwa, mimi na mjukuu tutakula nini?

Binti wa fundi anafanya kazi maabara. Zahanati ilikuwa imepeleka huko sampuli za choo cha watoto. Akaja kwangu na vichupa. "Bibi, tusibishane, tupime." Akachota juisi, maji na barafu.

Baada ya siku nane alirudi, akanivuta jikoni.

"Bibi, kila bakteria ana maandishi ndani yake. Herufi ni nne tu, lakini zimejipanga kwa mamilioni. Mashine imezisoma. Bakteria wa watoto na wa kwenye barafu yako wanalingana, karibu herufi kwa herufi."

"Barafu? Kwani baridi haiwaui?"

"Wengi haiwaui, inawalaza tu. Wakifika tumboni wanakuta joto na chakula. Wanaamka, wanakula sukari, wanapata nguvu, wanazaana. Barafu unagandisha maji gani?"

Maji ya bomba. Mabichi! Aibu ilinishika mpaka masikioni.

"Lazima watu waambiwe, Bibi. Niseme mimi?"

"Mdomo ninao."

Nikatoka nje. "Jamani! Fundi alisema kweli. Ni barafu yangu, nisameheni. Kuanzia leo hata maji ya barafu nayachemsha, na vyombo vyake naviosha kwa sabuni na kuvifunika."

Kisha fundi akaangua kicheko. "Makubwa! Shoga yangu kakubali kosa! Haya, chemsha upesi, koo zimetukauka."

Binti alipima barafu mpya, ikawa safi. Siku hiyo juisi iliisha kabla ya saa sita. Mjukuu wangu hakupata hata tone. Alinuna, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka.